Fomula au GT: Ahmad Al Harthy alishuka au alipanda?

Kila Juni, mbio za Saa 24 za Le Mans zinapokaribia, shabiki wa langalanga hukutana na orodha ya madereva inayomchanganya. Katika misimu ya 2024 na 2025 mkanganyiko wote ulikaa ndani ya gari moja, BMW M4 namba 46 ya timu ya WRT. Valentino Rossi, bingwa wa dunia wa pikipiki mara 9, aliandikwa daraja la Silver. Ahmad Al Harthy wa Muscat, Oman, ambaye alikuwa ameshatwaa taji Ulaya, aliandikwa Bronze. Kwenye mashindano hayohayo, ila katika gari la daraja la juu, alikuwemo Mick Schumacher, aliyetoka Formula 1 mwishoni mwa 2022.

Anayefuatilia kwa simu, awe Kitaji mjini Musoma au Darajani Unguja, ana haki ya kuuliza. Huyu Mwomani alishindwa kwenye magari ya fomula ndipo akakimbilia GT? Bronze maana yake ni dereva wa kiwango cha tatu? Na kama huu ni ubingwa wa dunia kweli, mbona umejaa watu walioachwa na Formula 1?

Majibu yanayosikika ni mawili, na yanagongana. Kuna wanaosema GT na mbio za masaa mengi ni mahali pa kupumzikia walioshindwa. Kuna wanaosema ni hatua ya mbele, kwamba dereva ameacha kubahatisha na kupata kazi. Kila upande una mifano ya kweli mkononi. Tatizo ni kwamba pande zote zinaangalia gari, wakati jambo linaloamua zaidi ni nani amelipia kiti.

Kazi mbili tofauti

Gari la fomula lina kiti kimoja, magurudumu yako nje, halina taa za usiku wala paa. Formula 1 ya 2024 ilitakiwa kuwa na uzito usiopungua kilo 798, dereva akiwemo, na injini yake ilikaribia nguvu farasi 1,000. Breki za ABS zilipigwa marufuku kuanzia 1994, na mfumo wa kuzuia matairi kuserereka kuanzia 2008, kwa hiyo mguu wa dereva ndio unaofanya kazi hiyo yote. Mbio ni za kilomita 305 hivi, haziruhusiwi kuzidi saa mbili za kukimbia, na dereva ni yuleyule mwanzo hadi mwisho.

Gari la GT3 limetokana na gari linalouzwa dukani. Lina uzito wa kilo 1,300 hivi, nguvu kati ya farasi 500 na 600, lina ABS na lina kizuizi cha mserereko. Hapo wengi huhitimisha kwamba kazi imekuwa rahisi. Kwa duru moja peke yake, hawajakosea sana. Wepesi wa jicho na uvumilivu wa shingo anaodaiwa dereva wa fomula kwenye kona kali, GT haiudai kwa kiwango hicho.

Ila Le Mans haiamuliwi kwa duru moja. Duru yake ina kilomita 13.626, na Ferrari iliyoshinda 2023 iliizunguka mara 342, yaani zaidi ya kilomita 4,600, mchana na usiku, jua na mvua. Magari 62 yanakuwa uwanjani kwa pamoja, na hayana kasi sawa, kwa kuwa yale ya daraja la juu, Hypercar, huyapita ya GT3 tena na tena. Aliyewahi kuendesha barabara ya Mwanza hadi Sirari, basi likiwa linamulika taa nyuma yake, roli mbele na bodaboda pembeni, atalielewa tatizo bila kuelezwa sana. Sehemu kubwa ya ujuzi wa dereva wa GT ni kupitwa: ajue ni kona ipi ya kumwachia mwenye kasi, bila kupoteza sekunde zake mwenyewe na bila kugongwa.

Kisha kuna jambo la kugawana. Watu watatu wenye urefu, uzito na tabia tofauti wanatumia kiti kimoja, breki zilezile na matairi yaleyale. Dereva aliyezoea gari kurekebishwa kwa ladha yake analazimika kukubali gari lisilompendeza sana lakini linaloweza kuendeshwa na wenzake wote. Wapo waliotoka kwenye fomula wakiwa na vipaji vikubwa wakashindwa hapohapo.

Safari ya Al Harthy

Ahmad Al Harthy alizaliwa Muscat tarehe 31 Agosti 1981. Jina la ukoo wake si geni Zanzibar. Mwaka 1859 watu wa ukoo wa Harthi walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid. Hiyo ni historia ya ukoo, haimhusu dereva, lakini inaeleza kwa nini msikilizaji wa pwani husimama kidogo jina hilo linapotajwa.

Mwezi mmoja kabla yake, Julai 1981, alizaliwa Fernando Alonso huko Hispania. Kuwalinganisha kunasaidia kuliko takwimu nyingi. Alonso alikuwa kwenye kart tangu utoto, akaingia Formula 1 mwaka 2001 na kuwa bingwa wa dunia 2005 na 2006. Al Harthy alianzia kart nyumbani kwao, katika nchi yenye uwanja wa kart wa Seeb na chama cha magari kinachojitahidi, lakini isiyo na ngazi ya fomula ya kumpandisha mtoto. Alipokuwa akipita madaraja ya chini ya fomula, mwenzake wa umri uleule alikuwa tayari na mataji mawili. Kwa hiyo swali la iwapo angefika Formula 1 lilikuwa limekwisha kabla hajakaa kwenye kiti cha kwanza cha fomula. Umri ulishaamua.

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 akahamia Porsche Carrera Cup ya Uingereza, ambako kila mmoja anaendesha gari la aina moja. Akaenda British GT na Aston Martin, kisha mashindano ya Blancpain ya Ulaya, ambako mwaka 2017, chini ya bendera ya Oman Racing, yeye na Jonathan Adam walitwaa ubingwa wa daraja la Pro-Am katika mbio za masaa mengi. Mwaka 2023 aliingia ubingwa wa dunia, WEC, na timu ya ORT by TF, pamoja na Michael Dinan na Charlie Eastwood, na Le Mans wakamaliza wa pili katika daraja la LMGTE Am, nyuma ya Corvette. Mwaka uliofuata ndipo akapewa kiti cha WRT pamoja na Rossi na Maxime Martin. Imola, Aprili 2024, walimaliza wa pili katika LMGT3, daraja la magari ya GT3 katika WEC, nyuma ya BMW nyingine ya timu yao. Le Mans ya mwaka huohuo ikageuka upande wa pili: gari lilitoka mbioni kwa ajali, Al Harthy akiwa kwenye usukani.

Kuanzia fomula hadi jukwaa la Le Mans ilipita zaidi ya miaka 10. Hiyo si kasi ya mtu aliyekimbilia njia ya mkato.

Wanaosema ni kushuka

Hoja hii isidharauliwe, maana ina mambo mawili mazito.

La kwanza ni madaraja. Shirikisho la mbio za magari duniani, FIA, huwagawa madereva wa mbio hizi katika Platinum, Gold, Silver na Bronze. Katika LMGT3 kila gari lazima liwe na Bronze mmoja, na daraja hilo kimsingi ni la madereva wasioishi kwa mshahara wa mbio, wengi wao walioanza ukubwani. Mashindano yanayolazimisha kila gari kubeba dereva wa aina hiyo yanakiri yenyewe kwamba hayatafuti watatu walio bora duniani. Katika Formula 1 hakuna sharti la namna hiyo. Dereva lazima awe na leseni maalumu, ambayo kwa kawaida hudai umri wa miaka 18 na alama 40 katika misimu mitatu kutoka madaraja ya chini.

La pili ni usawazishaji wa magari. Ili Porsche, BMW, Ferrari, Corvette na wengine washindane, waandaaji hupanga uzito na nguvu za kila gari, na katika LMGT3 ya WEC anayefanya vizuri huongezewa uzito. Mtazamaji anabaki hajui kama dereva ameshinda kwa mikono yake au kwa karatasi ya wahandisi. Binafsi naona hili ndilo doa kubwa kuliko suala la Bronze, kwa sababu Bronze angalau anaonekana kwa macho akiwa uwanjani, na mizani ya wahandisi haionekani.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaichukulia fomula kama mizani safi. Anayeanza Formula 4 akiwa na miaka 15 ameshatumiwa fedha nyingi kwenye kart. Msimu mmoja wa Formula 3 hutajwa kugharimu zaidi ya euro milioni 1, na Formula 2 zaidi ya milioni 2. Viti vya Formula 1 vilikuwa 20 kwa miaka mingi. Bingwa wa Formula 2 haruhusiwi kurudi kutetea taji, na mlango wa juu haumsubiri. Felipe Drugovich alitwaa taji hilo 2022, Théo Pourchaire 2023, na hakuna kati yao aliyepewa kiti cha mbio cha Formula 1 msimu uliofuata. Wote wawili wamepita kwenye magari ya masaa mengi. Ukisema walishuka, itabidi ueleze bingwa apande kwenda wapi.

Wanaosema ni kukua

Upande wa pili una majina makubwa zaidi. Tom Kristensen wa Denmark alikuwa bingwa wa Formula 3 ya Ujerumani 1991, hakuwahi kukimbia mbio za Formula 1, akashinda Le Mans mara 9. Brendon Hartley aliondolewa kwenye mpango wa vijana wa Red Bull mwaka 2010, akawa bingwa wa dunia wa WEC na Porsche 2015 na 2017, na mbio hizo ndizo zilizomfikisha Formula 1 kwa mlango wa nyuma, na Toro Rosso. Sébastien Buemi, aliyeachwa na timu hiyohiyo baada ya msimu wa 2011, ameshinda Le Mans mara 4 na Toyota. Robert Kubica, aliyejeruhiwa vibaya mkono kwenye rali mwaka 2011, alishinda Le Mans 2025 na Ferrari ya njano. Na Alonso mwenyewe alishinda 2018 na 2019.

Hata Afrika tuna mfano wa zamani unaosahaulika. Desiré Wilson wa Afrika Kusini alishinda mbio za ubingwa wa kitaifa wa Formula 1 wa Uingereza (si Grand Prix) pale Brands Hatch mwaka 1980, na mwaka huohuo akashinda na Alain de Cadenet mbio za kilomita 1,000 za Monza na za saa 6 za Silverstone. Fomula ilimwonyesha kwamba anaweza, ila haikumpa kiti cha kudumu. Magari ya michezo yalimpa ushindi katika mbio za ubingwa wa dunia.

Orodha inapendeza, na hapo ndipo inapopotosha. Karibu wote hawa walikuwa kwenye magari ya daraja la juu, wakilipwa na viwanda. Kiwanda hakimchukui mtu kwa sababu ameichoka fomula. Kinamchukua kwa sababu fomula ilimpima na yeye akafaulu, ila nafasi hazikutosha. Kumweka Al Harthy kwenye sentensi moja na Kristensen ni kuwakosea wote wawili. Walikuwa na waajiri tofauti, na mikataba yao haikufanana.

Nani amelipia kiti

Wanaohama kutoka fomula kwenda huku ni wa aina tatu. Aina ya kwanza ni wale walioajiriwa na viwanda, kama Hartley na Buemi. Hawa wanalipwa mshahara, na kwao kuhama ni kubadilisha mwajiri tu. Aina ya pili ni wenye fedha wanaonunua nafasi kwa mapenzi ya mchezo, mara nyingi wafanyabiashara wa makamo. Wengi wa kundi la Bronze ni hawa, na bila fedha zao nusu ya magari ya LMGT3 yasingetoka gereji.

Aina ya tatu ni nadra, na Al Harthy yumo. Ni dereva anayebebwa na nchi. Nyuma yake kumekuwa na wizara inayohusika na michezo pamoja na makampuni ya Oman, na jina la nchi likawa jina la timu. Wanachonunua wafadhili wa namna hii ni bendera kuonekana kwa saa 24 mfululizo kwenye televisheni za dunia. Kwa fedha zilezile katika Formula 3 wangepata jina kwenye mstari wa 17 wa matokeo, na baada ya miaka miwili kijana angerudi nyumbani.

Hapa kuna mtego ambao watazamaji wengi hawauoni. Kwa kuwa kila gari lazima liwe na Bronze, na kwa kuwa wataalamu wa timu zote wanakaribiana, tofauti kati ya magari mara nyingi huletwa na Bronze. Yeye ndiye anayebeba mzigo katika kufuzu, na ana muda wa lazima wa kukaa kwenye usukani. Bronze mwenye uzoefu wa miaka 10, aliyewahi kushindana na wataalamu, ana thamani kuliko Gold wa kawaida. Ndiyo maana WRT, timu iliyoweza kuchagua, haikumtafutia Rossi tajiri yeyote tu wa kukaa naye.

Lakini orodha ya madaraja hupitiwa upya kila mwaka. Bronze akienda kasi kupita kiasi anaweza kupandishwa kuwa Silver, na huko anakutana na vijana wa miaka 20 waliotoka fomula juzi, wenye njaa na walio tayari kulipia. Anayeboreka anajiweka hatarini kupoteza kazi. Sijui mchezo mwingine mkubwa unaomwadhibu mtu kwa njia hiyo, na wakosoaji wa WEC wangefaa kulisema hili mara nyingi zaidi.

Fedha ya nchi nayo ina bei yake. Tajiri akigonga gari, hasara ni yake na mkewe. Anayebeba bendera akigonga usiku wa Le Mans, nchi nzima inataka maelezo asubuhi, na wizara inaweza kuulizwa kwa nini kiasi hicho hakikwenda kwenye viwanja vya mpira. Ni swali halali, na timu yoyote ya taifa inapaswa kuwa na jibu kabla ya ajali.

Lini mtu ahame

Kwa kijana wa miaka 16 mwenye kipaji, kukimbilia GT mapema ni kosa. Misimu miwili au mitatu ya fomula inafundisha breki, upepo na uamuzi wa haraka kwa namna ambayo gari lenye ABS haliwezi kufundisha, na viwanda vinapotafuta dereva wa Hypercar bado vinaangalia kwanza matokeo ya huko. Kwa aliyefika miaka 21 bila kiti cha Formula 2 cha uhakika, kuendelea kulipa ni kuchoma fedha za familia. Aliyeanza ukubwani, kama Al Harthy, hana la kusubiri. Akishajua kushindana kwa karibu, kila mwaka wa ziada kwenye fomula unamnyima mwaka wa kujifunza kazi yake halisi, yaani matairi yanayochakaa, usiku, na kumkabidhi mwenzake gari likiwa zima.

Kanda yetu ina ngazi nyingine kabisa. Tanzania haina uwanja wa lami unaofaa kwa mashindano ya fomula ya FIA. Kenya ilikuwa na Langa Langa katika Bonde la Ufa miaka ya 1950, lakini iliyoshika mizizi ni rali, kuanzia Safari ya 1953 iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo maana Jeremiah Wahome wa Kenya, aliyewahi kukimbia magari ya fomula nje, alipotafuta nafasi nyumbani aliikuta kwenye Ford Fiesta ya rali. Rwanda ilitangaza Desemba 2024 kwamba inataka kuandaa Formula 1, na kwa mstari ulionyooka Kigali iko karibu na Musoma kuliko Dar es Salaam. Hata hivyo mbio za wikendi moja kwa mwaka haziwezi kumzalisha dereva, kwa kuwa mtoto anahitaji uwanja wa kart wa kwenda kila Jumamosi.

Oman ilianza na huo. Mwomani aliyemfuata Al Harthy, Al Faisal Al Zubair, alikulia zaidi kwenye mashindano ya Porsche ya Mashariki ya Kati na kuingia GT za Ulaya akiwa kijana, bila kuipitia ngazi ndefu ya fomula. Al Harthy alilazimika kuzunguka kupitia Uingereza na kuanza upya akiwa mtu mzima. Huyu wa pili alikuta njia imeshafyekwa, wafadhili wameshajua wanalipia nini, na timu za Ulaya zimeshalizoea jina la Oman kwenye mlango wa gari.